Okidi za Mawe: Ua Linalokufa kwa Kupendwa Sana, na Jinsi ya Kulichanuza kwa Keja Yako

Wacha nianze kwa kukiri. Okidi yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, na niliiua kwa mapenzi.

Nilikuwa natoka job jioni, nikapata jamaa anauza miche kando ya barabara. Katikati ya miparachichi na maua ya kawaida alikuwa na kitu kimelazwa juu ya gunia: kashina kafupi, majani manene yamepangwa kama feni, na mizizi minene ya rangi ya majivu imetapakaa kila upande kama miguu ya buibui. Akasema ni okidi, soo tatu. Nikatoa punch, akanirudishia soo mbili, nikabeba hadi kejani nikijiona mkulima. Nikachukua mkebe wa Kimbo, nikaujaza udongo mweusi ule safi wa kupanda sukuma wiki, nikaizika mizizi yote, nikamwagilia. Kesho yake nikamwagilia tena. Na kesho kutwa. Wiki ya sita majani yakaanza kudondoka moja moja. Nikavuta shina likatoka bila kubishana, mizizi yote imekuwa uji wa kahawia.

Kama na wewe umewahi kudediwa na okidi namna hiyo, pole, lakini pia tulia. Shida si mkono wako. Shida ni kwamba hakuna mtu alikuambia hiyo kitu haikuzaliwa kwa udongo. Ilizaliwa juu ya jiwe.

Hii ni nini hasa

Watu wengi wakisikia okidi wanafikiria zile kubwa za zambarau na nyeupe za hotelini na za harusi. Hizo ziweke kando. Leo tunaongea kuhusu zile ndogo, za kimo cha kalamu au rula, zinazoishi zimeng'ang'ania miamba na magome ya miti. Hazinyonyi mti, kwa hiyo si kupe. Zinatumia mti au jiwe kama sisi tunavyotumia ploti: mahali pa kukaa tu. Chakula chao ni vumbi, majani yaliyooza kwenye nyufa, umande, na maji ya mvua yanayopita mbio.

Na kabla uniambie hizo ni vitu za majuu, zipo hapa kwetu. Ile ninayotaka uijue kwa jina inaitwa Rangaeris amaniensis. Inakaa kwenye nyanda za juu za Kenya, Tanzania na majirani wengine, kuanzia kama mita 1,000 juu ya bahari hadi zaidi ya 2,000, kwenye misitu mikavu-mikavu, juu ya miti na juu ya mawe. Hilo "amaniensis" limetoka Amani, kule Usambara, Tanzania, mahali Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea mwaka 1902. Na "Rangaeris" ni stori tamu zaidi: kuna kundi lingine la okidi linaitwa Aerangis, wanabotania wakachukua hilo jina wakaligeuzageuza herufi. Yaani walipiga Sheng kabla yetu. Siku hizi baadhi yao wanaiweka kwenye kundi la Ypsilopus, so ukikuta kibandiko chenye jina hilo usidhani umeuziwa feki.

Ua lake ni jeupe, lina umbo la nyota, na nyuma linaning'iniza mkia mwembamba ambao unaweza kupita sentimita 12. Mchana halina habari nyingi. Giza likiingia ndio linaanza kunukia, na hapo manze utajua kwa nini nimeandika hii makala yote.

Mizizi ndio kila kitu

Nilirudi kwa akili baada ya kukutana na shosho mmoja kwenye maonyesho ya maua hapa Nairobi. Amekuza okidi tangu kabla mimi nizaliwe. Nilikuwa nimebeba picha za marehemu kwa simu, nikamwonyesha.

"Shosho, hii ilikuwa na shida gani?"

Akaangalia, akavuta picha ikawa kubwa. "Kijana wangu, wewe ulipanda sukuma. Hii si sukuma."

Halafu akanionyesha mzizi wa okidi yake iliyo hai. Ulikuwa mweupe kama fedha. Akaumwagia maji kidogo, na mbele ya macho yangu ukageuka kijani. Ile rangi nyeupe ni ngozi ya nje ya mzizi, ngozi ya sifongo iliyojaa hewa, wataalamu wanaiita velameni. Mvua ikinyesha dakika chache inavuta maji yote inayoweza kushika, halafu inakauka tena. Huo mzizi umejengwa kwa maisha ya kulowa haraka na kukauka haraka. Ukiuzika kwenye udongo unaoshika maji siku tatu, unakosa hewa, unaoza. Ndio maana ninasema niliiua kwa mapenzi. Kiu ingeivumilia wiki kadhaa. Matope haikuweza.

Kwa hiyo hapo una saa yako ya bure. Mzizi ukiwa mweupe, una kiu. Ukiwa kijani, umeshiba, wachana nao. Huhitaji app wala ratiba ya kubandika kwa friji.

Kuna kitu kingine kinaendelea ambacho huwezi kuona. Sikumaliza chuo, lakini hii nilielewa mara moja. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni. Mmea unaokaa kwa jiwe la jua kali ukifanya hivyo utakauka kama omena. Kwa hiyo nyingi za okidi hizi zenye majani manene zimebadilisha shift: zinafunga mchana, zinafungua usiku kukiwa na baridi, zinavuta hewa na kuihifadhi kama asidi ndani ya jani, halafu jua likitoka zinaitumia kupika chakula. Ni mahustler wa night shift. Na ndio sababu usiku wenye baridi ni muhimu kwao kuliko unavyodhani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, usiku wa Julai unashuka hadi karibu nyuzi 10. Wewe unalia na blanketi mbili, yeye anasherehekea. Watu wa Nakuru, Eldoret, Nyeri, Limuru, mko kwa mchezo pia. Watu wa Mombasa, pole, usiku wenu ni moto sana kwa hii. Ninyi tafuteni Ansellia africana, ile ya manjano yenye madoa kama chui, hiyo inapenda joto lenu ingawa si ndogo hata kidogo.

Jinsi ya kuipandisha kwa jiwe

Tafuta jiwe lenye uso mkwaruzo, lenye vitundu. Yale mawe mekundu mepesi ya volkano wanayouza wale wasee wa kupamba bustani ni mazuri sana. Kipande cha jiwe la kujengea kilichobaki saiti pia kinafanya kazi. Ukubwa wa ngumi mbili unatosha. Lisugue kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, kisha lilowe usiku mzima ili vumbi na chumvi zitoke.

Weka mmea ukilalia ubavu wa jiwe, mizizi ikigusa jiwe moja kwa moja. Usiusimamishe juu kama sanamu ya katikati ya mji. Ukiusimamisha, maji yatakaa katikati ya majani, pale jani jipya linapotokea, na hapo pakioza kazi imeisha, kwa sababu huu mmea unakua kutoka ncha moja tu. Ukilala ubavu, maji yanateremka yenyewe. Ndivyo unavyokaa mwambani.

Funga kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, au kata vipande vya soksi ya nailoni ya mathe iliyotoboka. Kaza kiasi kwamba mmea hautikisiki. Hii ndio sehemu watu wanalegea. Ncha ya mzizi mpya ni laini. Mmea ukichezacheza na upepo, ncha inajisugua kwa jiwe na kufa, na bila mizizi mipya utakaa miezi ukiangalia mmea uliopoteza rada. Usitie gundi. Usiweke udongo "kidogo tu". Ukiona huruma inakuzidi, weka uzi mwembamba wa kuvumwani pembeni ya mizizi, basi.

Kama wewe ni msee wa kusafiri ocha kila wikendi, jiwe tupu litakutesa maana linakauka haraka. Tumia chungu kidogo cha udongo wa kuchomwa chenye mashimo mengi, ujaze mawe hayo ya volkano yaliyopondwa saizi ya kokoto, uchanganye na vipande vya makaa. Makaa ambayo hayajawahi kuona moto wa jikoni, si majivu ya jana. Mizizi itakaa juujuu na mingine itatoka nje ya chungu na kuning'inia. Iache. Usiikate ati haipendezi. Huo ndio mwili wake.

Mahali pa kuiweka

Jua la asubuhi. Hayo maneno matatu yangetosha, lakini wacha niongeze kidogo kwa sababu keja zetu zina mambo.

Veranda inayoangalia mashariki ni dhahabu: jua kuanzia saa moja hadi saa nne au tano, halafu kivuli chenye mwanga. Kama yako inaangalia magharibi, tundika neti ya kivuli au uiweke nyuma ya pazia jepesi, maana jua la saa nane litaikaanga. Kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta, jua linabadilisha upande: Juni linapita kidogo kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo mahali palipokuwa salama Julai panaweza kuchoma Januari. Angalia kivuli, usitegemee kumbukumbu.

Majani yenyewe yatakuambia. Kijani nzito iliyoiva kama sukuma ya shambani maana yake mwanga ni kidogo. Mmea una afya lakini hutaona ua. Kijani hafifu inayoelekea manjano ni sawa kabisa. Doa jeupe linalogeuka jeusi ni kuungua. Na kama unaitundika kwa ukuta wa mabati, jua! Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe: jiwe lililokuwa limeegemea bati saa saba mchana sikuweza kulishika. Mizizi ilikuwa inapikwa ikiwa bado hai.

Hewa iwe inapita. Bedsita yenye dirisha limefungwa siku nzima haifai. Na kitu kimoja ambacho nilijifunza kwa machungu: usiiweke karibu na ndizi. Ndizi mbivu hutoa gesi inayoitwa ethilini, ndiyo hiyo inayoivisha matunda, na okidi ikiinusa inaangusha machipukizi ya maua kabla hayajafunguka. Mtungi wa gesi unaovuja kidogo pia unafanya uharibifu huo. Kwa bedsita, ambako jikoni na sebuleni na chumbani ni neno moja, hiyo ni shida halisi. Maua yakianza kuonekana, itoe nje kabisa.

Maji, kiu, na siri ya kuchanua

Maji ya mvua ndio bora. Weka beseni nje ikinyesha, jaza madumu. Maji ya mfereji yanafaa kama mtaa wako unapata ya kawaida. Yale ya chumvi ya kisima ambayo yanaacha alama nyeupe kwa sufuria, usiyatumie. Hiyo alama nyeupe itakaa kwa mizizi pia na kuziba ile sifongo.

Mwagilia asubuhi. Chovya jiwe lote kwenye ndoo dakika kumi, au nyunyiza hadi mizizi yote iwe kijani, halafu tundika. Ikifika mchana mizizi iwe imeanza kurudi nyeupe. Wakati wa joto, Januari na Februari, jiwe tupu linaweza kutaka maji kila siku au siku moja kando. Julai ya mawingu na baridi, kila siku nne au tano yatosha, na usiku iwe kavu. Mbolea usiizidishe: ile ya kunyunyizia majani, robo ya kipimo kilichoandikwa kwa pakiti, mara moja kwa wiki mbili wakati inaota mizizi mipya tu. Usije ukanimwagia DAP hapo. Hakuna DAP mwambani.

Sasa, siri. Watu wengi wana okidi ya kijani, nzuri, mizizi fiti, miaka mitatu haijatoa hata ua moja. Wanakuja kuuliza mbolea gani. Ukweli ni kwamba wanaiendesha mwaka mzima kwa gia moja. Huko mwambani mwaka una sura. Kuna mvua ndefu ya Machi hadi Mei, kuna ukavu wa baridi, kuna mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba, halafu ukavu wa jua. Mmea unaishi kwa kusoma hizo sura. Mvua ikija unasukuma mizizi na majani. Ukavu ukija unatulia na kujipanga. Mvua ikirudi, mara nyingi baada yake ndio maua yanatokea. Ukiupa maji yaleyale kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hausikii msimu. Unakaa tu kama mtu ambaye hana deadline.

Kwa hivyo fanya kitu rahisi: fuata mbingu. Nje kukinyesha, mwagilia sana, au afadhali itundike inyeshewe yenyewe. Nje kukikauka, punguza hadi nusu, acha mizizi ikae nyeupe siku moja mbili zaidi ya unavyostahimili kuangalia. Majani yakianza kujikunja kidogo, mpe kinywaji. Usiingize ndani usiku wa baridi. Mimi nilifanya hivyo msimu mmoja kamili kabla ya kuona kitu.

Na huo "kitu" wengi wanaukosea. Ukiona kichipukizi kinatoka kwa shina, tulia. Mzizi mpya una ncha ya mviringo inayong'aa kama imepakwa mafuta. Kikonyo cha ua kinatokea kwapani mwa jani, ni chembamba zaidi, na baada ya siku kadhaa utaona vivimbe vidogo vimepangwa. Ukishaviona, acha kuuzungusha mmea ati upate picha nzuri. Maua yanajielekeza kwa mwanga. Ukiugeuza kila siku yatatoka yamepinda shingo.

Mkia wa ua ni wa nani

Ule mkia mrefu nyuma ya ua una maji matamu chini kabisa, kwenye ncha. Ni nani ana ulimi wa sentimita 12? Nondo. Si wale wadogo wanaogonga balbu. Hawa ni wakubwa, wanaruka mbele ya ua na kusimama hewani kama helikopta, wanakunjua ulimi kama spring ya saa na kuuingiza. Mmoja wao, Agrius convolvuli, viwavi wake wanakula majani ya viazi vitamu, so kuna uwezekano umewahi kumkanyaga mtoto wake shambani kwa nyanya yako.

Mwanasayansi Mkenya Dino Martins pamoja na Steven Johnson walichapisha mwaka 2007 utafiti wao kuhusu nondo hawa na okidi za Kenya za aina hii. Jambo moja walilogundua linanifurahisha hadi leo: utamu ndani ya mkia hauko sawa. Juu karibu na mdomo ni maji-maji, ukishuka chini sukari inazidi. Yaani ua linamwonjesha nondo kidogo, halafu linamwambia ingia ndani zaidi bana. Akijisukuma hadi mwisho, uso wake unagusa chavua, anabeba, anaenda kwa jirani.

Charles Darwin alikuwa ameshawaza hivyo mwaka 1862, alipoletewa okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30. Akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu wakamcheka. Nondo alikuja kutambuliwa rasmi mwaka 1903, Darwin mwenyewe akiwa ameshafariki miaka ishirini na moja.

Usiitoe mwambani

Nilipomaliza kumwonyesha shosho zile picha, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Uliinunua wapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza. Halafu akaniambia nihesabu zile alama kwenye shina, zile pete chini ya majani. Kila pete ni jani lililowahi kuwa hapo likaanguka. Zilikuwa zaidi ya arobaini. Okidi ya aina hii, akasema, hutoa majani mawili au matatu kwa mwaka.

"Hii ilikuwa inakaribia umri wako. Mtu alipanda mti au mwamba akaikwangua kwa panga. Na wewe ukaimaliza kwa wiki sita."

Soo tatu. Nilihisi vibaya, sitakudanganya.

Hapa ndio pa kukaza. Okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukitaka kuvusha hata moja mpaka wa nchi unahitaji vibali. Ndani ya nchi, sheria ya misitu ya 2016 hairuhusu mtu kutoa mazao ya msitu wa umma bila leseni. Lakini hata bila sheria, hesabu haibalansi. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake. Ili iote porini lazima ikutane na kuvu fulani ambayo itailisha. Nyingi sana hazikutani nayo. Zile chache zinazobahatika huchukua miaka kabla ya ua la kwanza. Jamaa mwenye panga na gunia anaweza kumaliza mwamba mzima kabla ya chai ya saa nne.

Utajuaje ya kuibiwa? Imekuja bila chungu wala jiwe. Mizizi imekatwakatwa, imebaki na vipande vya gome au kuvumwani. Majani yana majeraha ya zamani, konokono, jua. Muuzaji hana jina lake, ana jina la "okidi" tu. Iliyokuzwa na mtu kwa kawaida ni ndogo, safi, imeshika chombo chake, na mwenyewe anaweza kukuambia aliigawanya lini au ilitoka chupa gani ya maabara. Tangu Mmarekani Lewis Knudson aonyeshe mwaka 1922 kwamba mbegu zinaweza kuota bila kuvu, kwa kulishwa sukari ndani ya chupa, hakuna sababu ya mtu kupanda mwamba na panga. Hapa Kenya anza na watu wa Kenya Orchid Society na maonyesho yao. Utapata wazee wenye subira na mimea ya kugawana. Ukitaka kuagiza kutoka nje, mambo ya vibali yanapitia KEPHIS na KWS, na muuzaji mzuri anajua karatasi zote kabla umuulize.

Kwenye meza hizo unaweza pia kukutana na kadogo kengine, majani manene yaliyosimama, ua jekundu kama pilipili. Huenda ni Laelia milleri, au ikiandikwa kwa jina jipya, Cattleya. Huyo ametoka Brazil, jimbo la Minas Gerais, juu ya miamba yenye chuma, na matunzo yake ni karibu yaleyale: jiwe, jua, usiku wa baridi, kiu kwa msimu. Makosa yake yalikuwa kuzaliwa juu ya chuma. Karibu na mji wa Itabira miamba imechimbwa miongo mingi, na leo ni rahisi zaidi kumpata kwa chungu cha mtu kuliko nyumbani kwake. Mmea mdogo wa chupa uliokuzwa vizuri si kitu kidogo kumbe.

Maneno ya haraka kuhusu wadudu kabla niwaachie. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwapani mwa majani, au magamba ya kahawia yasiyosogea, chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, futa moja moja, rudia baada ya wiki. Konokono watakuja usiku kwa ajili ya ncha za mizizi. Tundika juu, hawapendi kupanda uzi.

Yangu ya pili nilipewa na shosho, kipande alichogawanya, saizi ya kidole. Mwaka wa kwanza ilitoa mizizi mitatu na jani moja. Mwaka wa pili hakuna ua. Mwaka wa tatu, wiki chache baada ya mvua ndefu, vikonyo viwili. Usiku wa kwanza maua yalipofunguka, dem wa ghorofa ya juu aligonga mlango saa mbili na nusu akiuliza nani amemwaga marashi kwa ngazi. Nikamwonyesha. Tukakaa pale verandani taa ikiwa imezimwa. Maua yalikaa karibu wiki mbili, yakizeeka yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanguka.

Moja halikuanguka. Lilikauka mbele lakini nyuma yake pakaanza kuvimba, kijani, kama ganda dogo la kunde. Sikuona nondo akija, lakini lazima alipanda hadi ghorofa ya tatu. Ganda bado liko pale ninapoandika hii. Shosho amesema nisiliguse hadi lianze kuwa manjano, halafu nimpigie, anajua mtu wa maabara.